Shajara ya mradi: modeli nne za jengo moja

Wiki ya 1

Mkataba ulisainiwa jana. Ukurasa wa kumi na saba una mstari ambao nimeusoma mara tatu: "Usanifu utafanywa kwa BIM." Basi. (BIM ni kifupi cha Building Information Modelling, yaani kusanifu jengo kama modeli ya kompyuta inayobeba taarifa za kila kiungo chake.) Mstari hausemi nani atafanya nini, kwa kiwango gani, wala mteja atakabidhiwa nini mwishoni. Kazi ya kuratibu nimeangushiwa mimi kwa sababu katika ofisi yetu ni mimi pekee niliyewahi kuhudhuria mafunzo ya siku mbili. Ndiyo maana naanza shajara hii. Nitaandika tulichofanya, tulipokosea, na yale ambayo ningeshukuru kama mtu angeniambia mapema.

Jengo lenyewe halina makuu: ghorofa tatu za maabara na ofisi, kama mita za mraba 2,400. Tuko ofisi tano: sisi wasanifu, mhandisi wa miundo, mhandisi wa mitambo na mabomba, mhandisi wa umeme, na mkadiriaji majenzi. Mkandarasi ataingia baadaye.

Mkubwa wetu wa ofisi aliniita pembeni. "Hii BIM si ndiyo ile michoro ya pande tatu?" Nilimjibu kwa mlango. Katika mchoro wa kawaida mlango ni mistari miwili na tao. Sisi ndio tunaojua kwamba ni mlango, kompyuta haijui. Ukihamisha dirisha kwenye plani, linabaki palepale kwenye mkato, kwenye sura ya mbele na kwenye jedwali la madirisha, mpaka mtu akumbuke kwenda kulirekebisha kote. Katika BIM mlango ni kitu kinachojijua: upana wake, ukuta ulimokaa, upande unakofungukia, dakika unazostahimili moto, aina ya kitasa. Plani, mkato na jedwali ni namna tofauti za kukitazama kitu kilekile. Ukikigusa mahali pamoja, kote kumebadilika. Umbo la pande tatu lipo, lakini ni sehemu ndogo ya habari.

"Na si mtindo wa kupita?" Hapo nilikuwa nimejiandaa. Charles Eastman wa Marekani alieleza mwaka 1975 mfumo wa kompyuta ambamo plani na mikato hutolewa kutoka kwenye maelezo yaleyale ya viungo vya jengo. ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria ilitoka katika miaka ya 1980. Jina lenyewe limo kwenye makala ya van Nederveen na Tolman ya 1992. Revit ilitoka mwaka 2000, na miaka miwili baadaye Autodesk ikainunua kampuni iliyoitengeneza. Finland ilianza kudai modeli kwenye majengo ya serikali mwaka 2007. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu itafanywa hivyo ifikapo 2016. Singapore iliwataka wasanifu wa majengo makubwa wawasilishe modeli kwa ajili ya vibali kuanzia 2013. Mtindo wa kupita hauchukui miaka hamsini kupita.

Akasema, "Sawa. Lakini tusichelewe."

Wiki ya 2

Nilidhani wiki hii tungeanza kujenga modeli. Badala yake nimeshinda nikiuliza maswali. ISO 19650, viwango vya kimataifa ambavyo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, vinaanza mahali ambapo sikutegemea: kabla mtu hajachora chochote, mteja aseme anahitaji taarifa gani, kwa ajili ya uamuzi gani, na lini. Kisha wabunifu wajibu kwa maandishi watakavyozitoa.

Mteja wetu hakuwa na jibu. Alitaka "BIM kamili". Nikaomba nikutane na mtu atakayelitunza jengo likishakamilika, na wakaniletea mzee mmoja anayesimamia matengenezo ya majengo yao mengine. Nilimkuta na shada la funguo na daftari lililochakaa.

"Shikamoo mzee. Ungependa modeli ikusaidie nini?"

"Marahaba. Mimi modeli siijui, kijana wangu. Bomba likipasuka usiku nataka nijue valvu ipi ya kufunga, na iko nyuma ya dari gani. Vichungi vya hewa nataka nijue vipimo vyake bila kupanda ngazi. Mengine ni yenu."

Mambo mawili tu, na yamepanga mradi mzima kuliko ule mstari wa mkataba. Nimeyaandika juu kabisa kwenye hati ya mahitaji. Halafu nikakumbuka ripoti ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ya mwaka 2004: ilikadiria kwamba taarifa zisizosomana kati ya programu na kati ya watu ziliigharimu sekta ya majengo makubwa nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka, na takriban theluthi mbili za hasara hiyo ziliwaangukia wamiliki na waendeshaji. Wao ndio wanaobaki na jengo sisi tukishaondoka, wakitafuta valvu gizani.

Wiki ya 3

Ugomvi wa wiki: majina ya mafaili.

Sikutegemea watu wazima wenye shahada wanaweza kubishana saa mbili juu ya jambo hili, lakini nilipofungua folda zetu za mradi uliopita nilikuta "plani_mwisho", "plani_mwisho2", "plani_mwisho_kabisa" na "plani_mwisho_kabisa_tumia_hii". Iliyojengwa ilikuwa ya pili.

Sasa kila faili lina jina la vipande vinavyofuatana: msimbo wa mradi, ofisi iliyolitoa, sehemu ya jengo, ghorofa, aina ya hati, fani, namba. Jina halisemi "mwisho". Hali ya faili inasemwa na mahali lilipo kwenye hifadhi yetu ya pamoja, ambayo ina vyumba vinne. Cha kwanza ni kazi inayoendelea. Humo kila ofisi inajifungia na uchafu wake na wengine hawachungulii. Cha pili ni cha kushirikishana: ukishakagua kazi yako unaiweka hapo wenzako waitumie kuratibu. Cha tatu ni cha yaliyoidhinishwa, na mkandarasi atajenga kwa yaliyomo humo tu. Cha nne ni kumbukumbu, hakifutwi kitu.

Mhandisi wa miundo alilalamika kwamba zamani alikuwa akinipigia simu nikamtumia faili kwa barua pepe, likafika dakika hiyohiyo. Ni kweli. Na miezi miwili baadaye hakuna aliyejua lipi lilitumwa lini. Tumekubaliana kwamba simu iruhusiwe na barua pepe yenye kiambatisho isiruhusiwe. Natabiri kanuni itavunjwa kabla ya mwezi kwisha.

(Imevunjwa Ijumaa. Na mimi.)

Wiki ya 4

Leo tumeunganisha modeli za kwanza: ya usanifu, ya miundo, ya mitambo na ya umeme. Kila ofisi inabaki na modeli yake na wajibu wake. Zinakutana tu kwenye programu ya kuratibu, zikiwekwa moja juu ya nyingine. Nilialika watu wote wakae mbele ya skrini kubwa. Nilitaka waone jengo likikamilika.

Waliona majengo mawili. Usanifu ulikuwa katikati. Nguzo na boriti zilikuwa mita mia tatu upande wa kushoto, zimezunguka nyuzi kumi na tano hivi, na zimezama ardhini. Mitambo ilikuwa mahali pake, sawasawa kabisa. Umeme haukuonekana. Tuliutafuta mpaka mtu akakuza picha na kukuta nukta ndogo karibu na ngazi: jengo zima la umeme, dogo kuliko kiberiti, kwa sababu mita zilisomwa kama milimita.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Sisi tulihesabu urefu kutoka usawa wa bahari, kama mpima ardhi alivyotupa. Mhandisi wa miundo alianza sifuri kwenye sakafu ya chini, kama alivyofundishwa. Kaskazini yetu ilikuwa ya kweli, yake ilikuwa juu ya karatasi. Hakuna aliyekosea kwenye mchoro wake mwenyewe. Kwenye karatasi tofauti hizo hazikuwahi kumuumiza mtu, kwa kuwa jicho la binadamu lilizisawazisha lenyewe.

Tumeandika ukurasa mmoja. Makutano ya gridi A na gridi 1 ndiyo nukta yetu ya mwanzo. Majiranukta yake ya kweli ni haya, urefu wa sakafu ya chini ni huu, nyuzi za mzunguko ni hizi, kipimo ni milimita. Hatujaweka jengo kwenye majiranukta makubwa ya mpima moja kwa moja, maana programu nyingi zikifanya kazi mbali sana na sifuri yake huanza kutetemesha mistari na kukosea vipimo vidogo. Tunafanya kazi karibu na sifuri na kuihifadhi tofauti pembeni. Halafu kila ofisi imeweka pia koni ndogo nyekundu kwenye nukta hiyo. Kila tunapounganisha modeli, mtu anaangalia kwanza: koni nne zimekaa mahali pamoja? Zikikaa, tunaendelea. Hilo la koni nililipata kwenye mafunzo yale ya siku mbili, na limelipa ada yote.

Wiki ya 6

Ofisi nne zinatumia programu tatu tofauti, na hakuna aliye tayari kuacha yake. Tunabadilishana kwa IFC, muundo wazi wa faili ambao si mali ya kampuni yoyote ya programu. Ulianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990, unatunzwa na shirika la buildingSMART, na tangu 2013 ni kiwango cha ISO namba 16739.

Nilifungua faili moja la IFC kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kwa udadisi. Ni maandishi matupu. Mstari baada ya mstari, kila kitu kina namba, aina, na kitambulisho cha herufi 22 ambacho hakipaswi kufanana na kingine popote. Ukuta umeandikwa IFCWALL, boriti IFCBEAM, mlango IFCDOOR, na mistari mingine inasema mlango huu umejaza tundu hili, tundu hili limo kwenye ukuta ule, ukuta ule uko ghorofa hii. Nikakaa nikisoma jengo langu kama barua.

Ndipo nikaona ngazi zetu zote zimeandikwa IFCBUILDINGELEMENTPROXY. Maana yake kwa lugha ya mitaani: "kitu fulani". Mchoraji wetu alizijenga kwa zana ya maumbo huru kwa sababu zana ya ngazi ilimsumbua. Kwenye skrini zilikuwa ngazi nzuri sana. Kwa programu ya wenzetu zilikuwa mabonge. Ukiuliza modeli "jengo lina ngazi ngapi?" ilijibu sifuri. Tumezijenga upya. Imetugharimu siku mbili, na mchoraji amenuna mpaka leo.

Jambo jingine dogo: kukubaliana kutumia IFC hakutoshi, lazima mseme toleo gani. Mmoja alikuwa akitoa IFC2x3 na mwingine IFC4, na sifa za milango zikapotea njiani. Sasa sote tuko IFC4.

Wiki ya 8

Faili la mitambo limevimba ghafla, mpaka kompyuta ya mkadiriaji inakwama likifunguliwa. Tumemtafuta mchawi tukamkuta chooni: sinki lililopakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji, likiwa na kila jino la skrubu ya bomba lake na nembo iliyochongwa kwenye kitufe. Mara arobaini na nne.

Tumelibadilisha na boksi lenye mviringo. Lakini kisa hiki kimenirudisha kwenye jambo ambalo limekuwa likinikera tangu wiki ya kwanza.

Zamani tulipochora kwa penseli, mchoro wa awali ulionekana wa awali. Mstari ulikuwa mnene, umetikisika, na kila aliyeuona alijua kwamba ukuta huo bado ni wazo. Programu haina mkono unaotikisika. Ukitaka kuweka ukuta, inakulazimisha uchague ukuta gani: tofali, milimita 150, lipu pande zote. Unachagua chochote ili uendelee na kazi, na kuanzia dakika hiyo modeli inasema kwa uhakika wote kwamba ukuta ni wa tofali, milimita 150. Mwenzako wa ofisi nyingine anaamini. Mkadiriaji anauhesabu. Ulichobahatisha saa nne asubuhi, alasiri kimekuwa taarifa.

Ndiyo kazi ya viwango vya uendelezaji, ambavyo watu huviita LOD. Taasisi ya wasanifu wa Marekani iliviweka kwenye hati yake ya mwaka 2008, kutoka 100 hadi 500. Kwenye 100 kitu kipo kama alama tu. 200 kina ukubwa na mahali pa kukadiria. 300 vipimo vyake ni vya kutegemewa. 400 kinatosha kukitengeneza kiwandani. 500 kimethibitishwa kilivyo kwenye saiti. Baadaye kundi la BIMForum likaongeza 350 katikati kwa ajili ya kuratibu, pale unapohitaji kujua kitu kinavyogusana na jirani yake. Wengi wanadhani namba hizi zinapima uzuri wa picha, lakini zinasema ni kwa kiasi gani unaruhusiwa kuniamini. Sinki letu lilikuwa na umbo la 400 na uhakika wa 100, maana mteja bado hajachagua sinki.

Tumetengeneza jedwali: kila aina ya kitu, nani anakimiliki, na kinatakiwa kiwe kiwango gani katika hatua gani. Na nimeongeza sifa moja ambayo haimo kwenye kiwango chochote nilichosoma: "kimeamuliwa?" Ndiyo au hapana. Vyenye hapana vinaonekana vya rangi ya chungwa. Jengo letu leo ni la chungwa karibu lote, na kwa mara ya kwanza naona modeli inasema kweli.

Wiki ya 9

Jaribio la kwanza la migongano. Programu inachukua modeli mbili mbili na kutafuta vitu vinavyokaa mahali pamoja. Ilitafuta kwa dakika nne, ikaleta 1,846.

Mkubwa wa ofisi alipita, akaona namba, akaketi.

Nilimwomba asubiri. Kila taa iliyozama kwenye dari ilihesabiwa mgongano na dari. Bomba moja lililopita kwenye ukuta wenye tabaka tatu lilihesabiwa mara tatu. Nyaya zilizofukiwa kwenye zege kwa makusudi zilihesabiwa zote. Tumezipanga kwa makundi, tukaweka kanuni, tukasamehe miingiliano iliyo chini ya milimita 10 kwenye mambo laini. Zikabaki 61. Nyingine tukaziongeza wenyewe, zile ambazo vitu havigusani lakini nafasi haitoshi: mlango wa kabati la umeme usiofunguka mpaka mwisho, valvu isiyofikika mkono. Ya valvu nilimwekea mzee wa funguo.

Kati ya 61, mmoja ulistahili wiki nzima.

Ghorofa ya pili, bomba la maji taka la milimita 110 kutoka vyooni linapita katikati ya boriti. Maji taka hayasukumwi na pampu, yanateremka yenyewe. Kwa mteremko wa moja kwa sitini, bomba lenye urefu wa mita tisa linahitaji kushuka milimita 150, na huwezi kulipandisha kidogo ili likwepe kitu halafu lishuke tena. Kwa hiyo tunapopanga nani apite wapi juu ya dari, bomba la mteremko ndilo linapewa nafasi kwanza, kisha dakti za hewa kwa ukubwa wake, kisha mabomba ya maji yenye msukumo, na nyaya mwisho kwa kuwa zinajikunja. Sisi tulifanya kinyume. Dakti ilikuja kwanza kwa sababu tu mhandisi wa mitambo alianza nayo. Kati ya boriti na dari zilibaki milimita 250, na dakti pamoja na sponji yake imezimaliza zote.

"Toboa boriti," akasema wa mitambo.

"Wapi?" akauliza wa miundo.

"Hapa, karibu na nguzo."

Mhandisi wa miundo alivua miwani. Boriti karibu na nguzo ndipo nguvu ya kuikata ni kubwa kuliko pote. Tundu dogo katikati ya urefu wake, katikati ya kina chake, wanaweza kulizungumza, pale, hapana. Dari haishuki, maabara inataka urefu wake. Boriti haipungui kina.

Katika kikao cha dakika arobaini, mchoraji wetu aliyenuna ndiye aliyesema: kwa nini bomba linasafiri mita tisa? Kwa sababu bomba la wima liko upande ule. Kwa nini liko upande ule? Hakuna aliyejua, liliwekwa kwenye mchoro wa kwanza kabisa, pengine na mimi. Tumelisogeza karibu na vyoo, tukala sentimita thelathini za stoo. Bomba sasa lina mita tatu na haligusi boriti yoyote.

Programu isingeweza kutoa jibu hilo. Ilichofanya ni kutuketisha watu wanne mbele ya tatizo lilelile, miezi kadhaa kabla zege halijamwagwa.

Kila uamuzi tunaufunga kwa BCF, faili dogo linalobeba picha, mahali pa kamera, vitambulisho vya vitu vinavyohusika na maelezo, bila kubeba modeli yenyewe. Mhandisi anabofya kwenye programu yake na kupelekwa palepale. Zamani tulikuwa tunaandika "angalia ile boriti ya karibu na choo".

Wiki ya 11

Hakuna kipya. Migongano 61 imekuwa 17, kisha 29, maana kila anayekwepa mmoja anagonga mwingine. Leo 8.

Wiki ya 13

Mkadiriaji majenzi amekuwa mkimya tangu mwanzo, na leo nimejua kwa nini. Wakati sisi tukijisifu kwamba modeli itahesabu vipimo yenyewe, yeye amehesabu kwa mkono. Akaja na karatasi mbili. Zege la modeli lilizidi zege lake kwa karibu asilimia kumi na mbili.

Nilitaka kusema mkono umekosea. Kwa bahati sikusema.

Kuta za zege za lifti zilikuwa kwenye modeli ya miundo na pia kwenye modeli yetu. Jumla ilizihesabu mara mbili. Nguzo zilipita ndani ya slabu bila kukatwa, kwa hiyo pale zinapokutana zege lilikuwepo mara mbili tena. Kwa macho huwezi kuona: zege ndani ya zege ni zege. Tumesema sasa kwamba kila kitu kina mmiliki mmoja, na kuta za lifti ni za miundo. Sisi tunaziona lakini hatuzijengi.

Halafu akanionyesha yasiyokuwemo kabisa. Mbao za kumwagia zege. Upotevu wa tofali zinazokatwa. Jukwaa la kusimamia mafundi. Modeli inajua jengo lililokamilika, na yeye analipia pia vitu vitakavyokuwepo wiki tatu kisha vibomolewe. Watu wanaposema upande wa nne wa BIM ni muda na wa tano ni gharama, hudhani ni vitufe. Tumekubaliana atumie modeli kwa vitu vya kuhesabu na eneo, na abaki na kalamu yake kwa mengine. Amesema angefanya hivyo hata tusingekubaliana.

Wiki ya 16

Mkandarasi ameingia. Tumeunganisha ratiba yake na modeli, kila kitu kimefungwa na tarehe yake, na tukacheza ujenzi kama sinema. Wiki ya thelathini ya ratiba ukuta wa chumba cha mitambo unajengwa. Wiki ya thelathini na nne mashine ya hewa inafika, na ni pana kuliko mlango. Ukuta mmoja utasubiri.

Wiki ya 22

Kosa langu, naliandika lilivyo.

Kabla ya kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, mafundi huweka vipande vya bomba pale mabomba yatakapopenya, ili kusiwe na kutoboa baadaye. Modeli ilikuwa na matundu 38. Fundi mkuu alijenga matundu 36, sawasawa kabisa na mchoro aliopewa. Kwenye mwonekano niliotolea mchoro huo kulikuwa na kichujio nilichokiweka kwa ajili ya kikao fulani, cha kuficha mabomba ya gesi ya maabara, na nikasahau kukiondoa. Modeli ilijua, karatasi haikujua, na saiti inajenga karatasi.

Nilimkuta fundi mkuu amesimama juu ya zege lililokwisha kukauka. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mhandisi, wewe kompyuta yako ina kila kitu. Mimi nina hii." Akanionyesha karatasi, imelowa pembeni.

Zege limetobolewa kwa mashine ya kukata duara, baada ya mhandisi wa miundo kukagua nondo zilipo. Kuanzia leo hakuna mchoro unaotoka bila kuhesabu: idadi ya matundu kwenye karatasi na idadi kwenye modeli, mtu wa pili akitia sahihi. Tablet imepelekwa saiti pia. Fundi mkuu anaitumia vizuri kuliko nilivyodhani, hasa kugeuza modeli ili aone upande wa nyuma, lakini karatasi hajaiacha na sitamshauri aiache.

Wiki ya 41

Tunakusanya taarifa za makabidhiano. Tunatumia COBie, muundo uliobuniwa mwaka 2007 katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Kwa mtumiaji ni lahajedwali la kurasa nyingi tu: vyumba, aina za vifaa, kila kifaa na chumba chake, dhamana, vipuri. Mambo mengi yaliyomo tungeweza kuyaacha. Tumejaza yale ya hati ya wiki ya 2, na tumeruhusu mengine yabaki matupu kuliko kuyajaza uongo.

Mzee wa funguo amekuja kujaribu. Nilimpa tablet, nikamwonyesha kubofya chumba. Akachagua choo cha ghorofa ya pili, modeli ikamletea valvu ya kufunga maji: V-214, juu ya dari ya korido. Akavuta ngazi, akafungua kigae cha dari, akainua tochi.

"Ipo," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini hii imeandikwa V-2-09."

Fundi bomba alibandika vibao kwa kufuata orodha yake mwenyewe, iliyotangulia mabadiliko ya wiki ya 9. Tumeangalia nyingine tatu, mbili hazilingani. Kesho asubuhi mimi, fundi bomba na mzee tunaanzia ghorofa ya chini na ngazi na tochi, valvu moja moja. Ziko 63.